Maswali Yenu kwa Fundi: uji wa udongo unaogoma kumiminika, glezi inayokaa chini kama saruji, na ile habari ya magadi

Mwezi huu maswali ya udongo na glezi (ule mpako unaogeuka kioo juu ya chombo kikichomwa) yamekuwa mengi kuliko kawaida, na nilivyoyapanga mezani nikaona karibu yote yanauliza kitu kimoja bila wenyewe kujua. Mmoja anataka uji wake uwe mwepesi, mwingine anataka glezi isizame, mwingine mwanafunzi unga wake wa alumina (oksidi ya alumini) umemgomea maabara. Wote wana chembe ndogo sana ndani ya maji na wote wanauliza waongeze nini. Nimeyapanga nilivyoona mimi, na hata kama swali lako ni la tatu naomba uanze na la kwanza, maana msingi nimeuweka huko na sitaurudia.

Shikamoo fundi. Mimi namimina vikombe na vibakuli kwa kalibu za POP (jasi) hapa nyumbani Tegeta, nachanganya kaolini ya Pugu (ule udongo mweupe), na mawe mawili yaliyosagwa, feldspa na kwatzi. Uji nikiuweka maji kidogo hautoki hata kwenye jagi. Nikiongeza maji unamiminika vizuri ila vikombe vinachelewa kushika, vinasinyaa, vinapasuka kwenye mkono, na kalibu zinalowa mpaka kesho yake hazifai. Kuna mzee kaniambia nitie magadi kama ya maharage, nikaona ananitania. Ni kweli?

Marahaba dada yangu. Hakukutania, huyo mzee anajua anachosema, ila hakukumalizia.

Tatizo lako sio upungufu wa maji. Maji kwenye ndoo yako yapo ya kutosha tangu mwanzo, sema yamefungwa. Iko hivi, chembe ya kaolini ukiitazama kwa darubini kali ni kibapa, kama kipande cha kigae, upana wake karibu mikroni moja au chini ya hapo (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Kile kibapa kwenye uso wake mpana kina chaji hasi ya umeme, lakini kwenye kingo, maji yakiwa ya kawaida au yenye uchachu kidogo, kinakuwa na chaji chanya. Sasa hasi na chanya zinavutana, kwahiyo kingo ya hiki inajibandika kwenye uso wa kile, na kile kwa kingine, mpaka ndoo nzima inakuwa kama mabati yaliyoegemezana ovyo na katikati yake kuna mapengo yamejaa maji. Hayo maji hayawezi kukusaidia kumimina kwasababu yamefungiwa mle ndani. We ukiongeza maji unayatenganisha mabati kwa nguvu, uji unalegea kweli, lakini yale maji yote ya ziada lazima yatoke baadaye, na yanatokea kwenye kalibu na kwenye ukuta wa kikombe, ndo maana kinasinyaa na kupasuka pale mkono unapoungana na mwili, sehemu mbili za unene tofauti.

Dawa ni kuvunja hayo mabati bila kuongeza maji. Na hapo ndipo magadi inaingia. Magadi ni chumvi ya sodiamu, kabonati na bikabonati zimekaa pamoja, ndo ile inayochimbwa Ziwa Magadi kule Kenya na ikichomwa inakuwa sodaeshi. Ukiitia kwenye uji inafanya mambo mawili kwa mpigo. La kwanza inapandisha pH, yaani inaondoa uchachu, na kingo za zile chembe zinageuka kutoka chanya kuwa hasi kama nyuso zake, hapo hakuna tena wa kumvuta mwenzake. La pili, kwenye udongo na kwenye maji kuna kalsiamu, na kabonati inaikamata kalsiamu inaigeuza chokaa isiyoyeyuka, nafasi yake inachukuliwa na sodiamu. Hii ya pili watu wengi hawaijui na ni kubwa kuliko wanavyodhani. Kila chembe yenye chaji hasi imezungukwa na wingu la ayoni chanya (vipande vidogo mno vya chumvi iliyoyeyuka, vyenye chaji), na hilo wingu ndilo linalowaweka majirani mbali. Sodiamu ina chaji moja, haing'ang'anii, wingu lake linatanuka. Kalsiamu ina chaji mbili, inabana pale pale usoni, wingu linakuwa jembamba, chembe zinakaribiana mno, na zikishakaribiana kuna mvutano mwingine wa asili kati ya vitu vyote ambao unazishika zisiachane. Derjaguin na Landau kule Urusi mwaka 1941, halafu Verwey na Overbeek kule Uholanzi mwaka 1948, walipiga hesabu hii ya misukumo miwili, wa kusukumana na wa kuvutana, na mpaka leo ukitaka kuelewa kwanini uji umeganda unaanzia kwao.

Sasa kile ambacho mzee hakukumalizia. Magadi ya sokoni haina usawa, bonge hili lina chumvi ya kawaida nyingi, lile lina tope, kwahiyo leo utafanikiwa kesho uji ule ule utakataa na hutajua kwanini. Mimi nakushauri utumie sodiamu siliketi, ile ya maji mazito inayouzwa kwa watengenezaji sabuni ya miche, pamoja na sodaeshi kidogo. Siliketi ni kali zaidi kwa kazi hii kwasababu ile siliketi yenyewe inakwenda kujibandika kwenye kingo za chembe na kuzifanya hasi moja kwa moja, na pia inakamata kalsiamu. Vaa glavu tafadhali, inaunguza ngozi taratibu na machoni ni mbaya sana.

Vipimo vya kuanzia: kwa kilo 10 za unga mkavu weka maji lita 4, na siliketi anza na gramu 20, usizidishe gramu 50 bila kupima. Yaani ni kati ya asilimia 0.2 na 0.5 ya unga mkavu, kitu kidogo hivyo ndo kinafanya maji lita 4 yatoshe mahali ambapo bila hicho ungehitaji pengine karibu mara mbili. Siliketi na sodaeshi vinatangulia kwenye maji, unakoroga, NDIPO unamimina unga taratibu, sio unga kwanza halafu dawa juu. Acha ulale usiku mmoja, kesho koroga, pitisha kwenye chujio. Uji ukiwa sawa lita moja yake inakuwa na uzito wa karibu kilo 1.75 mpaka 1.8. Huo uzito upime kila siku ya kazi, mizani ya jikoni na kopo la lita vinatosha kabisa. Ukipungua chini ya hapo ujue umejaa maji, haijalishi unamiminika uzuri kiasi gani.

Na hapa naomba unisikilize vizuri dada: ukizidisha dawa uji unaganda tena. Watu wengi wanaharibikiwa hapa kwasababu uji ukiwa mzito wanaongeza siliketi, unalegea, wanafurahi, kesho mzito tena wanaongeza tena, na sasa wanakwenda nyuma. Sababu ni lile lile wingu. Kwenye maji yenye chumvi kidogo sana wingu linaweza kuwa na upana wa nanomita 10 hivi (nanomita ni sehemu ya elfu ya mikroni), chumvi ikizidi mara mia moja linabaki kama nanomita 1 tu. Sodiamu nyingi mno nayo inabana wingu, chembe zinakaribiana, zinashikana. Kwahiyo ongeza matone matano matano kwa sirinji, koroga dakika kadhaa, angalia. Ukifika mahali tone jingine halileti tofauti, simama, na ikiwezekana rudi nyuma kidogo, maana uji uliolegezwa mpaka mwisho nao ni shida, unatuama chini ya ndoo na ukuta wa kikombe unakuwa mgumu mgumu, unavunjika ukijaribu kukata mdomo wake. Uji mzuri wa kumimina ukiuacha dakika kumi unashika kidogo kama mtindi mwepesi, ukiugusa na mti unalegea tena.

Vipande vya kukata ukirudisha ndoo, usirudishe vingi kwa mpigo. Vimegusa kalibu na kalibu ni jasi, jasi inayeyuka kidogo kidogo na kuacha kalsiamu, unarudi pale pale tulipotoka.

Fundi mambo vipi, mimi niko Arusha nina tanuri dogo la gesi. Glezi yangu nikiiacha siku mbili tu chini ya ndoo inakuwa kama saruji, natumia nyundo na mwiko kuibandua, juu imebaki maji ya maziwa. Nilisoma kwamba siliketi inafanya chembe zielee zisizame nikatia, ikawa mbaya zaidi. Nimekosea wapi?

Poa kaka. Haujakosea kusoma, umechukua dawa ya ugonjwa wa jirani yako wa Tegeta. Yeye anataka chembe ziachane, wewe unataka zishikane kidogo.

Hili linachanganya watu na naelewa kwanini, neno wanalotumia ni lile lile, uji uliotulia, lakini utulivu una sura mbili. Kwenye koloidi yenyewe, chembe za chini ya mikroni moja, zikisukumana vizuri hazizami kwa siku nyingi. Ila glezi yako sio koloidi tupu. Mle kuna feldspa na kwatzi zilizosagwa, nyingi ni mikroni 10, 20, hata 40. Chembe ya kwatzi ya mikroni 10 kwenye maji inashuka sentimita 30, yaani kina cha ndoo yako, kwa muda usiofika saa moja. Ya mikroni moja inachukua karibu siku nne, maana ukipunguza upana mara kumi mwendo unapungua mara mia. Hakuna chaji ya umeme itakayoizuia ile ya mikroni 10 isishuke, ni nzito. Na ukizifanya zisukumane, kila moja inashuka peke yake, inateleza pembeni ya mwenzake mpaka ipate pengo la kukaa, ndogo zinajaza nafasi kati ya kubwa, zinapangana kama kokoto na mchanga kwenye zege. Hiyo ndo saruji yako.

Ukizifanya zishikane kidogo, zinashuka kama mafungu mapana yenye maji katikati, zinakaa chini kama pamba, ukiweka mkono zinanyanyuka. Na zikishikana vya kutosha kote kwenye ndoo zinafanya wavu unaobeba hata zile chembe kubwa, hazishuki kabisa. Kwahiyo wewe unatafuta yale mabati yaliyoegemezana tuliyoyavunja kule juu.

Dawa yake ni magnesiamu salfeti, chumvi ya Epsom, duka la dawa wanayo. Yeyusha kwenye maji ya moto mpaka isiyeyuke tena, acha ipoe, chukua sirinji, tia mililita 5 kwenye ndoo ya lita 10, koroga, subiri, tazama. Magnesiamu ina chaji mbili, inabana wingu. Kuna kanuni ya zamani ya Schulze na Hardy kwamba nguvu ya ayoni ya kugandisha inapanda mno kila chaji yake inapoongezeka, kwa hesabu ya wale niliowataja mwanzo ayoni ya chaji mbili inatosha kwa kiasi cha sehemu moja ya 64 ya ile ya chaji moja, na ya chaji tatu sehemu moja ya 729. Ndo maana tone dogo la magnesiamu linafanya kazi ambayo ungehitaji konzi ya chumvi ya mezani kuifanya. Siki nayo inasaidia, inashusha pH na kingo za udongo zinarudi kuwa chanya, ila baada ya wiki chache nguvu yake inaisha kwasababu ndani ya ndoo kuna vitu vinaendelea kutoa alkali, yaani kinyume cha uchachu.

Na hapo nina swali kwako, je glezi yako ina nefelini sayenaiti (unga wa jiwe linalotumika kama feldspa), au majivu ya kuni? Kama ndiyo basi tumempata mchawi. Nefelini sayenaiti inatoa sodiamu kidogo kidogo ndani ya maji siku hadi siku, majivu yanatoa potashi, yaani glezi inajitilia siliketi yenyewe ukiwa umelala. Majivu yaoshe na maji mara kadhaa kabla. Nefelini huwezi kuiosha, hiyo ndo utakuwa unairekebisha kwa Epsom kila baada ya muda.

Pia angalia una udongo kiasi gani kwenye mchanganyiko. Glezi yenye kaolini chini ya asilimia 10 haina cha kujenga huo wavu, hata umwage Epsom ndoo nzima. Ongeza bentonaiti asilimia 1 mpaka 2, hii chembe zake ni ndogo mno na bapa mno na inavimba ikilowa, ila uichanganye na unga mwingine mkavu kwanza, ukiitupa kwenye maji peke yake inafanya mabonge kama sembe iliyotiwa kwenye maji ya moto bila kukoroga. Usipite asilimia 3, glezi itapasuka ikikauka.

Ile uliyoitia siliketi usiimwage. Jaribu Epsom kwenye kikombe kimoja kwanza. Mara nyingi inarudi.

Habari. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu Nairobi, project yangu ni kutengeneza vipande vya alumina safi kwa kumimina kwenye jasi. Unga wangu ni wa nusu mikroni. Nikichanganya na maji unakuwa mzito hata kabla sijafika asilimia 30 ya ujazo. Supavaiza aliniambia nipandishe pH nikafika 9, ikawa kama siagi. Naomba msaada, muda umeniishia.

Pole sana, na usikate tamaa, kosa lako liko mahali pamoja tu na linarekebishika leo.

Tuanze jikoni. Maziwa yanabaki maziwa kwasababu vile vidonge vya protini ndani yake vina chaji hasi na vinasukumana. Ukikamulia ndimu, pH ikifika karibu 4.6 chaji inaisha, hakuna wa kumsukuma mwenzake, maziwa yanakatika. Kila kitu kina pH yake ambapo chaji inakuwa sifuri. Silika, ambayo ndiyo kwatzi, ni kama 2 hivi. Alumina, na hapa ndo penye msiba wako, ni karibu 9. Yaani umeipeleka pale pale inapokatika.

Una njia mbili. Ya kwanza ushuke mpaka pH 4 kwa asidi ya naitriki iliyozimuliwa, tone tone, hapo uso wa alumina unakuwa na chaji chanya nyingi na uji unalegea kama maji. Inafanya kazi lakini asidi inakula kalibu za jasi, na jasi iliyoliwa inatoa kalsiamu, kwa kumimina sio njia ninayoipenda.

Ya pili ubaki kwenye alkali lakini utie polima, amonia poliakrileti au polimethakrileti, mfano ile inayouzwa kwa jina la Darvan C. Huo ni uzi mrefu wenye chaji hasi nyingi mgongoni. Unajibandika kwenye chembe, unaipa chaji hasi kubwa, halafu ule uzi wenyewe unachukua nafasi, chembe mbili zikitaka kukaribiana nyuzi zao zinabanana na kusukumana. Ni ulinzi wa aina mbili kwa pamoja. Kwenye pH ya 9 karibu kila kiungo cha ule uzi kinakuwa na chaji, umenyooka, umefanya kazi yake yote. Kwahiyo supavaiza wako hakukosea kuhusu pH, alikuwa anafikiria uji wenye polima tayari na wewe ukapandisha pH bila polima. Cesarano, Aksay na Bleier walilichora hili vizuri mwaka 1988 kwa alumina na asidi ya polimethakriliki, wakaonyesha kwamba kiasi cha polima kinachohitajika kinabadilika na pH, ukishuka kwenye uchachu uso unaimeza polima nyingi zaidi ndipo utulie.

Kiasi: kwa unga wa nusu mikroni anza na asilimia 0.3 ya uzito wa unga, panda 0.1 kwa 0.1, kila hatua pima mnato, chora grafu. Itashuka, itafika chini, itaanza kupanda. Ikiwa kidogo mno uzi mmoja unashika chembe mbili kwa wakati mmoja na kuziunganisha, ndo inakuwa mbaya kuliko bila kitu. Ikizidi, ile iliyokosa mahali pa kujibandika inabaki inaelea, inaongeza chumvi na mnato. Chagua pale chini, na uandike namba zote kwenye ripoti hata zile zilizoshindwa, wasomaji wako watazihitaji.

Umeuliza kwenye barua yako kama unaweza kutumia siliketi ya sabuni kwa sababu ni rahisi kupatikana. Kwa vikombe ndiyo, kwa alumina safi hapana, sodiamu inabaki ndani ya kipande na inaharibu namna punje zinavyokua kwenye moto, na kama kipande ni cha kuzuia umeme ndo kabisa. Amonia inaondoka na joto haiachi kitu, ndo sababu ya kuchagua chumvi ya amonia. Na kama una mpango wa kuchanganya alumina na silika kama wenzako wengi, kumbuka kati ya pH 2 na 9 moja ni chanya na nyingine hasi, zitakumbatiana hata kama kila moja peke yake ilikuwa imetulia. Polima inazifunika zote mbili zifanane.

Jambo la mwisho kwako, saga kwenye kinu cha mipira (pipa linalozunguka lenye mipira migumu ndani) saa kadhaa baada ya kutia polima. Unga mkavu una mabonge yaliyoshikana tangu kiwandani na dawa haiwezi kuingia katikati ya bonge mpaka livunjwe.

Fundi, mimi niko Kigamboni, kisima changu maji yana chumvi. Mapishi yale yale niliyofundishwa Dodoma huku yanakataa. Maji yanaweza kuwa sababu?

Ndiyo, na ningeanza na hayo kabla ya kitu kingine chochote. Maji ya kisima karibu na bahari yana sodiamu, kalsiamu na magnesiamu, umeshatiliwa dawa ya kugandisha kabla hujafungua mfuko wa udongo.

Ukitaka kuona nguvu ya hili kwa macho, nenda delta ya Rufiji. Mto unakuja na tope laini kutoka mbali sana bara, limeelea njia nzima, linapokutana na maji ya chumvi chembe zinashikana zinakuwa mafungu mazito, zinashuka, ndo yale matope ambayo mikoko imesimama juu yake. Na bibi zetu wanaotumbukiza shabu kwenye maji ya mto yatulie wanatumia kanuni ile ile, alumini ya kwenye shabu ina chaji tatu. Mbegu za mlonge zilizopondwa nazo zinafanya hivyo, zina protini yenye chaji chanya.

Kwa uji wa kumimina kwenye kalibu tumia maji ya mvua, kinga wakati wa masika uweke kwenye simtanki. Kwa glezi maji ya kisima yanaweza hata kukusaidia. Ukitaka uhakika fanya jaribio la chupa: chupa mbili za kioo, moja maji ya mvua, nyingine ya kisima, kila moja kijiko cha udongo na matone sawa ya siliketi, tikisa, ziache mpaka asubuhi. Ile ambayo juu ina maji meupe safi na chini kuna safu nene laini, hiyo ndo iliyoganda. Ile iliyobaki na ukungu juu na safu nyembamba ngumu chini ndo chembe zimeachana. Wengi wanasoma kinyume, wanaona maji safi wanadhani ndo nzuri.

Glezi yangu nilitia CMC ishike vizuri kwenye chombo, wiki ya kwanza nzuri, ya tatu inanuka na imekuwa nyepesi kama maji. Imeharibika?

Glezi haijaharibika, CMC ndo imeliwa. Ni gundi ya selulosi na vijidudu wanaila, kila wanapoukata ule uzi mnato unashuka. Tia mpya, asilimia 0.3 ya unga mkavu inatosha, na changanya kiasi cha kutumia ndani ya wiki moja tu. Ndoo iliyonuka ioshe kabla ya kuweka nyingine, wengine wako mle bado.

Rafiki yangu wa mtandaoni aliniambia uji wangu una salfeti nyingi na dawa yake ni bariamu kabonati kijiko kimoja. Nimeshainunua. Natengenezea jikoni, nina watoto wawili. Nitie?

Usitie. Kisayansi hajakudanganya, salfeti iliyoyeyuka kwenye udongo inaharibu kazi ya siliketi na bariamu inaikamata inaifanya kitu kisichoyeyuka, viwanda vinaitumia kwa vipimo na kwa watu waliovaa vifaa. Lakini bariamu kabonati ni sumu, imetumika kama sumu ya panya, na rangi yake ni nyeupe kama unga wa ngano. Ikiingia tumboni asidi ya tumbo inaiyeyusha.

Salfeti unaweza kuipunguza bila hiyo. Loweka udongo kwenye maji mengi ya mvua, acha utuame siku mbili, mwaga maji ya juu, rudia mara tatu. Inachosha ila inafanya kazi. Na unga wote, hata kaolini, upime nje ukiwa na barakoa ya vumbi, uulowanishe mapema, vumbi la kwatzi likikaa kwenye mapafu halitoki.

Hilo kopo lifunge na selotepu, andika SUMU kwa herufi kubwa pande zote, litoe jikoni leo kabla ya chakula cha jioni. Kesho lirudishe pale ulipolinunua uwaombe walipokee, na chochote ulichopimia osha peke yake na usikitumie tena kwa chakula.